Isurutia, Pambo la Kichwa la Mama wa Arusha

Apitaye kando ya mto Themi asubuhi na mapema, siku ya soko, huwakuta akina mama washukao toka miteremko ya Mlima Meru, wamebeba ndizi na maziwa na mboga kwenda kuuza mjini. Wengi wao ni Waarusha, na wengine ni Wamaasai waliotoka mbali zaidi, upande wa Monduli. Mgeni huwatazama shingoni, kwa maana ndiko kwenye shanga nyingi, miduara juu ya miduara, nyeupe na nyekundu na buluu. Lakini mwenye kuwajua huwatazama kichwani, penye masikio, apate kujua anasema na nani.

Mwezi huu twataka kuandika habari za pambo moja tu, lile liitwalo isurutia. Sababu yetu ni hii: walimu vijana hutuuliza mara kwa mara kama mama aliye katika darasa la ubatizo sharti alivue. Wengine hawaulizi, bali wamekwisha kuamua. Nasi hatuwezi kuwalaumu, maana tuliamua hivyo hivyo zamani, na habari hiyo tutaieleza hapa bila kuificha, ingawa haitupi sifa.

Kwanza yatupasa kueleza jinsi pambo lenyewe lilivyo. Isurutia ni waya wa shaba ya manjano uliozungushwa, duara juu ya duara, mpaka ukafanana na gamba la konokono. Huvaliwa mawili mawili. Zamani miduara hiyo ilikuwa mikubwa, nayo ilitundikwa kwa ukanda wa ngozi penye masikio. Sasa sikio, hata likiwa limetobolewa na kutanuliwa tangu utotoni kwa kipande cha mti, haliwezi kuchukua uzito huo peke yake. Kwa hiyo ukanda ulipitishwa juu ya kichwa toka upande mmoja mpaka wa pili, kichwa kikaubeba mzigo. Na kichwa chenyewe kilikuwa kimenyolewa na kupakwa mafuta, hata pambo likaonekana lote bila nywele kulificha. Siku hizi miduara imekuwa midogo, na wengi huining'iniza chini ya vipande virefu vya ngozi vilivyoshonewa shanga, vishukavyo toka masikioni, au huivaa shingoni. Kwenye paji la uso huongezwa utepe wa shanga, na bibi arusi huongezewa mikufu midogo iliayo atembeapo.

Basi, yapata miaka ishirini na kitu iliyopita, tulipokuwa tumemaliza masomo yetu karibuni, tulipewa darasa la ubatizo katika mtaa mmoja wa Waarusha. Sisi kwa kuzaliwa tu Wameru. Na ingawa Mmeru na Mwarusha wakaa mlima mmoja, na mashamba yao yapakana, lugha zao ni mbali: Kimeru ni ndugu wa Kichaga, na Waarusha husema Kimaasai. Tulijua maneno ya kutosha kuamkia na kununua maziwa. Mambo ya ndani hatukuyajua, wala hatukujua kwamba hatuyajui.

Katika darasa lile alikuwamo mama mmoja aliyewapita wenzake wote kwa bidii. Hakujua kusoma alipoanza, lakini Amri Kumi na Sala ya Bwana alizishika kwa kusikia tu, akawafundisha watoto wake nyumbani jioni. Zilipobaki siku nane kabla ya ubatizo tulisimama mbele ya darasa tukasema kwamba mapambo ya kale yaachwe nyumbani, na tukamwonyesha yeye kwa kidole, kwa kuwa isurutia zake zilikuwa kubwa kuliko za wote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, baba wa watoto wangu yu hai. Yuko Mererani."

Tulidhani hakuyafahamu maneno yetu. Tukayarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama wafanyavyo watu wasiojua lugha. Akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Jumapili ile hakuja, wala ile ya pili, wala darasani kwetu hakurudi tena.

Wasomaji walio mbali na Arusha wajue kwamba Mererani ni mahali kusini-mashariki ya mji wetu, katika nchi kavu, ambapo vito vya tanzanite vilivumbuliwa mwaka 1967. Jiwe hilo la buluu halipatikani mahali pengine duniani, na vijana na watu wazima wengi wa pande zetu wameingia mashimoni kulitafuta. Mwaka 1998 maji ya mvua yalijaa katika mashimo hayo yakaua watu wengi, na kwa miaka mingi baadaye kila mama mwenye mume kule, asikiapo radi usiku, hakulala. Mwaka 2008 maji yakajaa tena, na watu wakafa tena. Mume wa mama yule alikuwa mchimbaji.

Tulimwendea bibi kizee mmoja, jirani yetu, ambaye mtaa mzima humwita Koko, maana yake bibi kwa Kimaasai. Tukamweleza habari yote, tukitumaini atasema kwamba yule mama ni mkaidi. Koko alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akatuuliza, "Mwalimu, wewe ulikwenda kumwambia mke wa mtu avae ujane, na mumewe bado anakula?"

Ndipo alipotufundisha, huku akichambua mboga, na somo lile lilichukua muda mrefu kuliko mboga zenyewe. Msichana havai isurutia. Ni alama ya mke wa mtu, mwenye nyumba yake. Asubuhi akiamka huvaa, na mumewe akija kutoka safarini sharti amwone nayo. Mtoto wake wa kiume atokapo jandoni, kabla ya kupona na kuhesabiwa kuwa mtu mzima, huvishwa mapambo ya mama yake, isurutia hizo hizo, akatembea nayo pamoja na taji la ndege wadogo aliowapiga kwa mishale. Kisha humrudishia mama. Na mume afapo, mjane huivua. Hahitaji kupiga yowe kila njia panda. Masikio yake matupu yamekwisha kusema, na kila akutanaye naye hujua la kumwambia. Koko alisema yeye mwenyewe aliivua mara moja, na hapo hakuendelea.

Baadaye tulipata kuona kwamba mambo hayo hayakuwa siri. Merker, afisa wa Kijerumani aliyekaa Moshi, alitoa kitabu kikubwa juu ya Wamaasai mwaka 1904, na Hollis, Mwingereza, alitoa chake mwaka 1905. Hollis aliandika habari za vijana wa jando kuvaa mapambo ya kike, na habari za wajane kuweka mapambo yao kando mwaka wa matanga. Tangu miaka zaidi ya mia basi yamo katika vitabu. Sisi tulikuwa tumesoma vitabu vingi, lakini si hivyo. Na Koko, asiyejua kitabu hata kimoja, alikuwa akikaa hatua mia mbili kutoka mlango wetu.

Watu hudhani mapambo haya yametoka kwa wazee wa kale bila kubadilika. Sivyo. Shaba na shanga zote zilikuja kwa biashara. Joseph Thomson alipopita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, mizigo yake mikubwa ilikuwa seng'enge, na shaba, na shanga, na nguo. Na kabla ya kuingia nchi hiyo ilimpasa kukaa Taveta siku kadhaa, watu wake wakizitunga shanga upya kwa urefu walioutaka Wamaasai, kwa maana ushanga usiotungwa sawasawa haukupokelewa. Wanawake waliopokea ushanga ule walikuwa wajuzi wa rangi na wa kipimo, na mfanyabiashara aliyeleta rangi isiyopendwa mwaka huo alirudi nao pwani. Shanga nyekundu ziitwazo samesame zilipendwa sana barabarani hata zikaitwa kimarapamba, maana yake humaliza vyakula, kwa kuwa mtu angetoa chakula chake apate shanga hizo. Nyingi zilitoka Venice katika nchi ya Italia, kisha Bohemia, na hata leo ushanga wa Czech ndio usifiwao madukani Arusha, ingawa ule wa bei nafuu utokao China umejaa sokoni. Na waya haukutoka dukani siku zote. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, Wanandi waliukata waya wa simu usiku, kwa kuwa walijua matumizi bora zaidi ya waya ule mikononi mwa wake zao. Twaandika hivi bila kuusifu wizi.

Tazameni pia jambo la ajabu: kito cha pekee duniani huchimbwa karibu nasi kwa jasho la waume zao, huenda kuvaliwa na wanawake wa Marekani na India, na mama wa Arusha huvaa kioo kilichotoka Ulaya. Walakini kioo kile chasema neno, na kito cha Mererani, kwa kadiri tuonavyo, chasema bei yake tu.

Wala wasomaji wasifikiri kwamba ni mlima wetu tu ambako kichwa cha mama husomwa kama barua. Kaskazini ya nchi ya India, katika milima ya Himalaya, iko nchi iitwayo Ladakh, na mji wake mkubwa, Leh, uko juu zaidi ya meta 3,400; kilele cha Meru hakiuzidi sana, maana chapita meta 4,500 kidogo. Kule akina mama huvaa pambo liitwalo perak. Ni ukanda mpana wa ngozi uliofunikwa kitambaa chekundu, ukashonewa safu za mawe ya feruzi, yale ya rangi ya samawati yenye ukijani. Jiwe kubwa hukaa juu ya paji la uso, na ukanda hushuka nyuma mpaka mgongoni, hata wengine huufananisha na swila aliyetanua shingo. Kwa kando kuna vipande viwili vya manyoya meusi ya kondoo, kama masikio makubwa, navyo vyafaa katika baridi ile. Idadi ya safu za mawe ilikuwa ikionyesha cheo cha nyumba. Na perak haigawanywi: mama humpa binti wa kwanza, naye humpa wake, jiwe moja likiongezwa hapa na moja likitolewa pale wakati wa shida, kwa maana ndiyo benki ya mwanamke. Siku hizi huvaliwa zaidi katika arusi na sikukuu.

Wamisionari wa Moravian walifika Leh mwaka 1885, na kanisa lilo hilo lilianza kazi Rungwe, katika nchi yetu, mwaka 1891. Kwa hiyo ndugu wa kanisa moja walikuwa wakifundisha mbele ya vichwa vyenye feruzi huko na mbele ya mikono yenye waya huku. Twapenda kuwaza jinsi barua zao zilivyopishana baharini. Tofauti tuionayo ni hii, kwamba perak ni urithi na mali, na isurutia, ambayo shaba yake si ghali, ni habari ya nyumba: nani yu hai, nani ameondoka. Ukimvua mama wa Ladakh perak umemnyang'anya mali yake. Ukimvua mama wa Arusha isurutia umemfanya aseme uongo.

Hata hivyo si haki kuwatupia lawama zote waliotutangulia. Injili katika Meru ilianza kwa damu: Ovir na Segebrock, wamisionari wa Leipzig, waliuawa mwaka 1896, na malipizo ya Wajerumani yalikuwa makali mno, watu wengi wasio na hatia wakaumia. Waliokuja baadaye, wakaanza Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, walikuta nchi yenye majonzi, na wanawake wenye waya wa chuma na shaba tangu kifundo cha mguu mpaka goti, na tangu kifundo cha mkono mpaka begani. Waya ule ulikuwa mzito, ukikaza mguu ukauchubua, na mama akipata kidonda chini yake hakuweza kukiosha. Mwalimu aliyesema waya huo utolewe alisema neno jema, na mama zetu wengi waliutoa kwa furaha. Kosa lilikuwa kufagia vyote kwa ufagio mmoja. Waya wa mguuni na isurutia ya sikioni vilitupwa katika kapu moja, kwa kuwa vyote ni shaba.

Tena si kanisa peke yake lililofanya hivyo. Nchi yetu ikiisha kupata uhuru, serikali nayo mwaka 1968 iliamuru Wamaasai waache lubega na kujipaka ngeu, na waliokuja mjini Arusha hali hiyo walikatazwa kupanda mabasi. Amri hiyo ilikwisha yenyewe, na leo lubega ndiyo ipigwayo picha katika matangazo yote ya utalii.

Mwalimu mmoja atasema, Je, Maandiko? Twajua anayoyataja. Isaya sura ya 3 yataja mapambo ya binti za Sayuni moja moja, na Petro katika waraka wake wa kwanza ana neno lake kwa wake. Twayafundisha yote mawili, wala hatuyapunguzi. Lakini Isaya alisema na wenye kiburi waliowaonea maskini, na mama yule wa darasa letu alikuwa maskini mwenyewe. Na katika Mwanzo sura ya 24 mtumishi wa Ibrahimu alimpa Rebeka pete na bangili za dhahabu, nazo zilikuwa alama kwamba anatakiwa kuwa mke. Labani nduguye alipoziona alitambua mara moja kwamba jambo kubwa limetukia kisimani. Alisoma alama, kama Koko asomavyo.

Turudi kwa kosa letu. Baada ya kusema na Koko tulikwenda nyumbani kwa yule mama, tukaomba radhi. Alitukaribisha vizuri, akatupa maziwa, akasikiliza maneno yetu yote. Kisha akasema kwamba amekwisha kusamehe, ila asingerudi darasani, kwa kuwa wanawake wenzake walikuwa wamesikia, na mama mkwe wake alikuwa amelia siku mbili akidhani mwalimu ameletewa habari ya msiba toka Mererani, ndiyo maana akasema vile. Jambo hilo hatukuwa tumelifikiri kabisa. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amekaa uani, nasi tulipomsalimu aliitikia bila kutuangalia.

Alibatizwa baadaye, katika usharika mwingine, kwa mwalimu mwingine, na isurutia zake masikioni. Sisi hatukuwapo.

Tangu hapo, katika darasa letu, hatutoi agizo juu ya pambo lo lote kabla ya kumwuliza mwenyewe lina maana gani. Kama jibu ni habari ya tambiko au hirizi, twazungumza naye kama ipasavyo. Kama jibu ni mume na watoto, basi. Mara nyingi jibu ni kwamba lapendeza tu, na hilo nalo ni jibu. Leo makanisani Umasaini mama huenda Mezani kwa Bwana na mapambo yake yote, na kwaya huimba shanga zikilia pamoja na wimbo.

Hatari ya siku hizi ni nyingine. Vijana huyachukua mapambo ya bibi zao wakayauza kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, na mageni huyanunua kutundika ukutani. Tumeona kwa macho yetu, katika duka moja mjini, jozi ya isurutia za zamani zenye mkanda wake wa ngozi, umekuwa mweusi kwa mafuta ya kichwa cha mtu, na karatasi ya bei imefungwa kwenye tundu. Muuzaji hakujua zilikuwa za nani. Tunaziomba nyumba zenye bibi wazee, wawe Waarusha au Wameru au Wamaasai, wafungue sanduku pamoja nao, waulize jina la kila kitu na siku kilipovaliwa, na mtoto ajuaye kuandika aandike. Kazi hiyo haitaki fedha. Lakini yataka haraka.

Mwaka jana, siku ya soko, tulikuwa tukivuka daraja la Themi, tukamwona mama mmoja akija upande wetu na mzigo wa ndizi, tukamtambua, ijapokuwa ni miaka mingi. Tukasema, "Takwenya." Akaitikia, "Iko." Akautua mzigo ili tusemezane. Shingoni hakuwa na ushanga, na masikio yake yalikuwa matupu, tundu zake zikining'inia bila kitu.

Hatukumwuliza neno. Tulivua kofia, tukampa pole, akatushika mkono kwa mikono yake yote miwili, na tukasimama hivyo kando ya njia mpaka aliponyamaza kulia. Kisha tukamsaidia kuuinua mzigo, akaendelea sokoni.